Cheti, leseni na ile taa ya zambarau: kazi ya kucha inasomewa nini hasa?

Septemba 2025 habari ilizunguka kwenye simu za watu kwamba Ulaya imepiga marufuku kucha za jeli. Haikuwa hivyo. Kilichopigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 1 mwezi huo, ni kiambato kimoja kiitwacho TPO, ambacho kazi yake ni kuisaidia jeli kuganda inapomulikwa na taa. Viwanda vingi vilikuwa vimeshapata mbadala, na watu wakaendelea kupakwa jeli kama kawaida.

Ila mabishano yaliyofuata yalifichua jambo lingine. Wengi wetu, wakiwemo wanaoshika brashi kila siku, hatuna picha kamili ya namna kazi hii inavyofundishwa, nani anayeiruhusu na anaogopa nini asipoiwekea masharti. Mmoja anasema ana leseni, kumbe ana cheti. Mwingine anasema kupaka rangi hakuhitaji shule, video zinatosha. Wa tatu anauliza ni nani aliyewahi kuugua kwa sababu ya kucha. Swali la huyo wa tatu ndilo zuri kuliko yote, na tutalifikia. Kwanza maneno yenyewe.

Mafunzo ni ule muda unaofundishwa na kufanya mazoezi mbele ya mwalimu. Cheti ni karatasi ya shule: ulikuja, ulifundishwa, ulifaulu mitihani yao. Leseni ni ruhusa ya mamlaka. Mamlaka imekupima yenyewe au imekubali kipimo cha shule inayoitambua, na ukiharibu inaweza kukunyang'anya. Hapo kwenye kunyang'anywa ndipo tofauti ilipo. Shule ikishakupa cheti haina tena mkono juu yako. Aliyekupa leseni anao siku zote.

Halafu kuna leseni ya mahali. Hii si ya mtu, ni ya chumba: maji yapo, hewa inatoka, taka zinatupwa wapi. Na pembeni kuna bima, ambayo hulipa mteja akiumia mikononi mwako.

Ukitaka kuyaona yote kwa pamoja, tazama udereva. Kuna shule ya udereva, kuna leseni ya dereva, kuna gari kukaguliwa, kuna bima. Hakuna anayedhani kwamba kwa kuwa gari limekaguliwa basi yeyote anaweza kukamata usukani wake. Kwenye kucha kosa hilo hufanywa kila siku: saluni ina karatasi ukutani, kwa hiyo kila aliyekaa mezani anahesabiwa kuwa ana ruhusa. Karatasi hiyo huenda ni ya chumba tu.

Mfano wa udereva una mahali unapokwama, nalo tuliseme mapema. Leseni ya udereva husafiri na mtu kirahisi. Ya kucha mara nyingi huishia mpakani.

Marekani inaonyesha hilo vizuri, kwa sababu kule kila jimbo lina sheria yake. Anayetaka leseni ya kucha New York anatakiwa kusoma saa 250 katika shule inayotambuliwa. Illinois, lilipo jiji la Chicago, ni saa 350. California ni 400, Texas 600, na Alabama 750. Connecticut haikuwa ikidai leseni ya kucha kabisa mpaka ilipopitisha sheria mwaka 2019. Ukucha wa mtu wa Alabama si mgumu mara tatu kuliko wa mtu wa New York. Hizo tofauti ni za siasa na historia kuliko za elimu ya kucha, na ukisikia mtu anasema "saa rasmi za kusomea kucha ni kadhaa," muulize: rasmi wapi?

London inakwenda njia nyingine kabisa. Uingereza haina leseni ya kitaifa ambayo fundi wa kucha lazima awe nayo ndipo aguse mkono wa mteja. Wapo wanaosoma hadi ngazi ya pili au ya tatu ya vyeti vya ufundi, na waajiri pamoja na kampuni za bima huviulizia, lakini hiyo ni nguvu ya soko. Sheria yenyewe inashika chumba: kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1991 inayohusu serikali za mitaa za London, halmashauri za mitaa ya jiji hilo zinaweza kudai leseni kwa sehemu inayotoa huduma za mwili kama hizi. Kwa hiyo majiji mawili makubwa, New York na London, yanamlinda mteja yuleyule, moja kwa kumshika fundi, lingine kwa kushika mlango wa saluni.

Kuna pia mlango wa tatu, uanagenzi. Mwaka 2015, baada ya gazeti kubwa la New York kuchapisha uchunguzi juu ya malipo duni na afya za wafanyakazi wa saluni za kucha, jimbo liliunda utaratibu wa mwanagenzi: unajisajili, unafanya kazi mwaka mzima chini ya fundi mwenye leseni, unasoma kozi fupi ya saa 26, kisha unaruhusiwa kufanya mtihani. Wengi waliokuwa wakifanya kazi bila karatasi walikuwa wahamiaji wasio na pesa za shule wala nafasi ya kuacha kazi. Mtihani wa maandishi nao hutolewa kwa lugha kadhaa, Kihispania, Kikorea na Kichina zikiwemo. Kwa maoni yangu hilo la lugha lina uzito kuliko idadi ya saa. Anayeielewa lebo ya dawa kwa lugha yake ni salama zaidi kwa mteja kuliko aliyeikariri kwa lugha ya watu.

Wahamiaji na kucha, kwa kweli, ni hadithi ndefu. Mwaka 1975 mwigizaji Tippi Hedren alikuwa akitembelea kambi ya wakimbizi wa Vietnam karibu na Sacramento, California. Wanawake wale wakazipenda kucha zake. Akamleta fundi wake wa kucha awafundishe, na shule ya urembo ya karibu ikasaidia. Walikuwa 20. Leo sehemu kubwa ya mafundi wa kucha wa California wana asili ya Vietnam, na mizizi ya jambo hilo hufuatiliwa hadi kambini pale. Kozi iliyokuwa fupi kuliko ya nywele, yenye leseni mwishoni, iliwafungulia kazi watu waliofika bila lugha wala mtaji.

Mtihani unapima nini

Watu hudhani kwamba mtahini anakaa na kuangalia kama maua yako yamenyooka. Katika mitihani mingi ya vitendo uzuri hauna alama nyingi. Mtahini anaangalia kama ulinawa mikono kabla ya kumgusa mteja, kama kifaa kilichoanguka sakafuni ulikiweka kando au ulikiokota ukaendelea nacho, kama chupa zako zina lebo, kama kipande cha ngozi kilichokatwa kilikwenda kwenye mfuko wake. California ilikwenda mbali zaidi: tangu 2022 imeacha kabisa mtihani wa vitendo kwa kazi za urembo, ikabaki na wa maandishi. Mamlaka haina haja ya kujua kama una kipaji. Mteja asiyependa maua yako atahama mwenyewe. Kisichoonekana kwa macho ya mteja, hicho ndicho leseni inakisimamia.

Na visivyoonekana ni viwili: vijidudu na kemikali.

Tuje sasa kwa yule aliyeuliza nani amewahi kuugua. Mwaka 2000, kaskazini mwa California, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja ya kucha walipata majipu miguuni, mabishi kupona, na mengine yakaacha makovu. Wachunguzi wa afya walifuatilia hadi kwenye mabeseni ya umeme ya kuoshea miguu. Nyuma ya vichujio vya yale mabeseni kulikuwa na nywele na mabaki ya ngozi yaliyorundikana, na ndani yake wamejificha bakteria wa jamii moja na wale wa kifua kikuu, ingawa hawa hawaleti ugonjwa huo. Wateja waliokuwa wamenyoa miguu kabla ya kuja walikuwa katika hatari zaidi, kwa kuwa wembe huacha vijeraha visivyoonekana. Beseni kwa macho lilikuwa safi. Maji yalibadilishwa. Kichujio hakikufunguliwa.

Ndiyo maana darasa la usafi huanza kwa kutenganisha maneno matatu ambayo mtaani huchanganywa. Kusafisha ni kuondoa uchafu kwa sabuni na maji. Kuua vijidudu ni kuloweka kifaa kilichokwisha kusafishwa ndani ya dawa, kwa muda uliotajwa kwenye lebo. Dawa nyingi hutaka dakika 10 nzima, na kuchovya na kutoa si kuloweka. Kutakasa ni kuua kila kitu, hata mbegu sugu za bakteria, na hilo kwa kawaida hutaka mashine ya mvuke wenye mgandamizo, inayofika nyuzi 121 za Selsiasi au zaidi. Utaratibu haurukwi: dawa ikimwagwa juu ya uchafu hupambana na uchafu kwanza na kuishiwa nguvu kabla ya kumfikia mdudu, kama mtu anayepaka rangi juu ya vumbi.

Vile visanduku vyenye taa ya bluu vinavyoachwa mezani kuwapa wateja moyo havitakasi kitu. Mwanga hufika pale unapofika tu, na mkasi una upande wa chini. Tupa za karatasi za kusugulia kucha na vijiti vya mti hata havilowekwi, kwa sababu vina matundu yanayoficha unyevu: hutumika kwa mteja mmoja, vikatupwa. Ukiona tupa iliyochakaa katikati, jua imeshapita mikono ya wengi.

Kwenye kemikali ndiko uongo mwingi ulikozaliwa

Anza na ukucha wenyewe. Bamba unalolipaka rangi ni tabaka za protini iitwayo keratini, na seli zake zimeshakufa, kama nywele. Kilicho hai ni mzizi uliofichwa chini ya ngozi, unaosukuma bamba mbele kiasi cha milimita 3 kwa mwezi kwa kucha za mikono. Kwa hiyo ukucha uliosuguliwa hadi ukabaki mwembamba haulishwi kwa mafuta ukarudi. Unasubiriwa ukue, karibu miezi sita. Na ile kauli kwamba "kucha zinahitaji kupumua, zipumzishe" haina msingi. Ukucha haupumui. Mzizi hupata oksijeni kwa njia ya damu. Anayepumzisha kucha na kuziona zimepona, mara nyingi amezipumzisha kutokana na ubanduaji wa nguvu uliokuwa ukiziumiza.

Akriliki ni kimiminika na unga. Vikikutana, molekuli ndogo za kimiminika hushikana mikono na kuwa mnyororo mrefu mgumu, mfano wa saruji inavyoshika baada ya kukutana na maji. Jeli ni ndugu wa tumbo moja na akriliki. Nayo imetengenezwa kwa molekuli za jamii hiyohiyo, ila hizi husubiri mwanga ndipo zishikane, na kiambato kinachopokea mwanga na kuanzisha kazi ndicho cha aina ya TPO iliyozua zogo. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi situmii akriliki, ina kemikali, natumia jeli," amekwepa harufu tu.

Sasa hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kila mwanafunzi alale nayo. Jeli iliyopakwa nene, au iliyowekwa chini ya taa isiyoendana nayo, huganda juu na kubaki mbichi ndani. Umewahi kugusa ukuta uliopakwa rangi nzito, juu umekauka, kidole kikizama kinakuta ubichi? Ni vivyo hivyo, isipokuwa ubichi huu uko juu ya mwili wa mtu. Molekuli ambazo hazikushikana zikigusa ngozi mara kwa mara, mwili unaweza kuzigeuza adui. Huo ndio mzio, aleji kwa lugha ya wengi: vidole kuwasha, kuvimba, kupasuka, wakati mwingine hata kope, kwa kuwa watu hujigusa usoni. Ukishaingia kwa kawaida hautoki tena maishani. Tena haukomei kwenye kucha. Kemikali za jamii hiyo hutumika kuziba meno na kushikisha viungo bandia vya mifupa, hivyo mtu anaweza kufika kwa daktari miaka mingi baadaye na kukuta vifaa vya tiba vimekuwa tatizo kwake. Mmoja wa washukiwa wakuu anaitwa HEMA, na tangu 2021 Umoja wa Ulaya unaruhusu bidhaa za kucha zenye kiambato hicho zitumiwe na mafundi tu, si mtu nyumbani.

Hapo swali la video linajibika. Video hukuonyesha mkono unavyokwenda. Haiwezi kukuona wewe umegusisha jeli kwenye ngozi. Mwalimu aliyesimama nyuma yako anaona, anakwambia futa, anza tena, na hiyo "anza tena" ndiyo inayokula zile saa mia kadhaa.

Kuhusu taa: zinazouzwa kwa jina la LED wengi wanaamini hazina miale ya urujuanimno (UV). Zinayo. LED ni aina ya balbu. Mwanga unaogandisha jeli bado unaangukia kwenye miale hiyo au jirani yake, takriban nanomita 365 hadi 405. Ndiyo sababu mafundi waangalifu humshauri mteja apake krimu ya kujikinga na jua mikononi, au avae glavu zilizokatwa ncha.

Kemikali moja ya kuijua kwa jina ni MMA. Ilitumika katika kimiminika cha akriliki zamani, na miaka ya 1970 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikaanza kuchukua hatua dhidi ya bidhaa zilizotengenezwa kwa MMA tupu, baada ya malalamiko ya watu walioumizwa. Mbadala wake ni kemikali iitwayo EMA. Tatizo la MMA ni ugumu wake: ukucha bandia ukijigonga mlangoni haukubali kuvunjika, unang'oka pamoja na ukucha wako. Bado huuzwa kwa siri kwa sababu ni rahisi kwa bei. Fundi aliyesoma huitambua kwa harufu kali isiyo ya kawaida, na kwa namna inavyogoma kulainika ndani ya asetoni, kile kimiminika cha kubandulia.

Mpaka wa kazi

Leseni pia inasema ni wapi uishie. Fundi wa kucha si tabibu. Katika sehemu nyingi haruhusiwi kukata ngozi hai, kutibu ukucha uliozama nyamani wala kutaja ugonjwa. Akiona doa la kijani chini ya ukucha bandia asiseme "hii ni fangasi, nitaifunika." Kijani mara nyingi ni bakteria wanaopenda unyevu ulionaswa kati ya ukucha halisi na wa bandia. Kazi yake ni kubandua, kutofunika, na kumwambia mteja aende kwa daktari. Wanafunzi huona aibu kumrudisha mteja. Wakufunzi wazuri hulifanyia hili mazoezi ya maneno kabisa, kwa sababu ni gumu kuliko kuchora ua.

Mtu akitaka kuanza, basi, asiulize kwanza ada ya shule. Aanze kwa mamlaka ya jiji au jimbo analotaka kufanyia kazi: inadai leseni ya mtu, ya mahali, au zote mbili? Saa ngapi? Shule zipi zinatambuliwa? Shule nyingi ni za kweli lakini hazimo kwenye orodha hiyo, na saa ulizosoma huko hazihesabiwi hata ungekuwa na mkono wa dhahabu. Kozi za siku mbili za kampuni ya bidhaa nazo zina faida yake, zinafundisha jeli ya kampuni ile na taa yake, ila cheti chake hakifungui mlango wa leseni. Jambo lingine la kuulizia ni idadi ya wanafunzi kwa mwalimu mmoja, na kama mazoezi yanafanywa kwa watu au kwa mikono ya plastiki peke yake. Plastiki haitoki damu.

Ukishapata leseni, kuna kuhuisha. New York hutoa ya miaka minne, na hutaka ibandikwe mahali mteja anapoiona, ikiwa na picha ya mwenyewe. Atakayehama jiji asiharakishe kuanza upya. Baadhi ya mamlaka hukubali leseni ya kwingine, au huhesabu saa zako za awali na kukudai zilizopungua. Wanachohitaji ni kumbukumbu ya saa iliyosainiwa na shule, ikionyesha ngapi za nadharia, ngapi za vitendo. Iombe siku ileile unayomaliza, uichukue na nakala. Shule za urembo hufungwa na kuhama, na miaka mitano baadaye huenda usimpate wa kukusainia.